Bei ya Januari

Siku hizi Kayanga imekuwa jibu. Ingia ofisi yoyote ya Dodoma au Dar es Salaam, muulize mtu mwenye asili ya kwetu atafanya nini akifikisha miaka 60, hata hutamaliza swali: atarudi Karagwe. Kuna vilima, ukungu wa asubuhi, hewa isiyohitaji feni, na mkungu mzima wa ndizi kwa bei ambayo mjini inakupatia chana mbili. Na ardhi bado rahisi. Hilo neno la mwisho, "rahisi", ndilo ninalogombana nalo.

Zamani nililisikia kwa watumishi waliokaribia kustaafu. Sasa nalisikia kwa rika langu, watu wenye miaka 28 na mkopo wao wa kwanza wa benki, wanaotafuta ekari mbili Kyerwa "kabla bei haijapanda". Wanaizungumzia ardhi yetu kama shati la mtumba: zuri, halina tundu, na muuzaji hajui thamani yake. Muuzaji anaijua, tena kuliko mnunuzi. Kinachomfanya auze kwa bei hiyo ni kitu kingine, na Kagera nzima inakijua kwa jina.

Kinaitwa butura. Mkulima anauza kahawa ikiwa bado ua au tunda bichi mtini, kwa bei ya kutupa, kwa mtu atakayekuja kuivuna ikiiva. Viongozi wameikemea butura na kuipiga marufuku mara nyingi, na bado ipo, kwa sababu haitokani na ujinga. Inatokana na kalenda. Kahawa yetu huanza kuvunwa karibu na Mei, lakini mtoto anatakiwa kuripoti kidato cha kwanza Januari, akiwa na sare, madaftari na godoro. Malaria nayo haisubiri msimu. Kati ya shida ya Januari na fedha ya Julai kuna pengo, na katika pengo hilo husimama mtu mwenye noti mfukoni.

Ardhi ya Karagwe inauzwa kwa mtindo huohuo. Sijawahi kuona mtu ambaye kahawa yake imekwisha kulipwa, watoto wako shuleni na nyumbani hakuna mgonjwa, akaamka asubuhi na kuamua kuuza kipande cha kibanja. Kibanja ni migomba, ni mibuni, ni maharage chini yake, na ni makaburi. Babu yupo pale, bibi yupo pale, wakati mwingine na mtoto aliyekufa bila kujua kutembea. Kwa hiyo mwenye shida huanza na kipande cha pembeni, mbali na makaburi. Shida ikirudi mwakani, anayakaribia. Anayenunua siku hiyo ndiye atakayekwenda kuwaambia wenzake mjini kwamba Karagwe ni rahisi. Amenunua butura. Tofauti ni kwamba mbuni utachanua tena mwakani, na kibanja kikishauzwa hakichanui.

Sisemi mstaafu ni mtu mbaya. Naye amebanwa. Mwaka 2018 kanuni mpya za mafao zilishusha malipo ya mkupuo hadi asilimia 25. Watumishi wakapiga kelele, na Desemba ya mwaka huohuo Rais Magufuli akaurejesha utaratibu wa zamani. Mwaka 2022 kikokotoo kikarudi kikiwa na asilimia 33, na mwaka 2024 kikapandishwa hadi 40 kwa waliokuwa wamezoea kupata nusu. Mwalimu aliyefundisha miaka 35 akitazama kilichobaki anaona hakimjengei nyumba Kibaha, lakini Kayanga kinatosha nyumba, ng'ombe wawili na shamba. Namwelewa kabisa. Ila angalia mzigo unavyoshuka. Hesabu za juu zimembana mwalimu, naye anatafuta nafuu kwa mkulima. Mkulima hana wa chini yake wa kumsukumia.

Mkulima hana hata kikokotoo cha kulalamikia. Tanzania Bara haina pensheni ya kila mzee. Zanzibar ilianza Aprili 2016 kumlipa kila aliyefikisha miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi. Ilikuwa fedha ndogo, lakini ilitamka jambo kubwa, kwamba uzee ni wa watu wote, hata wasiowahi kuajiriwa. Kwetu, bibi wa miaka 75 bado anainama kwenye maharage. Anayekuuzia ardhi akiwa na miaka 62 hastaafu. Mara nyingi ndiye unayemkuta baadaye akilima kwa ujira kwenye kipande kilichokuwa chake, huku mwenye nyumba mpya akiwaonyesha wageni mandhari kutoka barazani.

Hiyo mandhari nayo ina historia. Mwaka 1861 Waingereza wawili, Speke na Grant, walifika Bweranyange kwa Omukama Rumanyika. Karagwe iliwapendeza. Waliona ziwa dogo, wakaliita Windermere, kwa sababu lilimkumbusha Grant ziwa la kwao. Hivyo ndivyo anavyotazama mtu aliyevutwa na uzuri peke yake: anaona kitu alichokuja nacho kichwani. Kisha mguu wa Grant ukaharibika kwa vidonda, akashindwa kutembea. Speke akaendelea na safari ya Buganda, Grant akabaki miezi kadhaa mikononi mwa Rumanyika na watu wake. Vilima vilikuwa vilevile na ziwa lilikuwa lilelile, lakini havikumletea chakula. Chakula kililetwa na wenyeji.

Kila anayepanga kuzeekea kwetu angeanzia hapo. Uzee ni presha, sukari, magoti, na siku moja kuanguka bafuni saa nane za usiku. Hospitali ya Nyakahanga ipo karibu. Ikishindikana, Bukoba ni zaidi ya kilomita 100, na ikishindikana huko, Bugando iko Mwanza, ng'ambo ya ziwa. Nani atakubeba hadi barabarani? Kijana wa bodaboda, ambaye labda baba yake ndiye aliyekuuzia. Ukizungushia seng'enge rweya, zile nyasi za wazi ambako jirani alilisha ng'ombe na kukata za kutandaza kwenye migomba, ukapanda mikaratusi, usitegemee mlango wako utagongwa usiku kwa heri. Huduma ya jirani haimo katika mafao, na hainunuliwi kwa mkupuo.

Nitaambiwa kwamba mzaliwa ana haki ya kurudi, na kwamba fedha zake zinainua wilaya. Haki anayo. Fundi anapata kazi, bati linanunuliwa, sokoni kunachangamka. Lakini fedha inayoinua Karagwe ni ile pensheni ndogo ya kila mwezi inayodharauliwa na mwenyewe, wala si ule mkupuo. Ukiwatoa walimu, wauguzi na wenye maduka, mstaafu ndiye mtu adimu kijijini mwenye kipato mwezi Januari. Hiyo ndiyo dawa ya butura, na anayo mfukoni. Aingie kwenye kikundi cha kuweka na kukopa. Jirani akikwama, amkopeshe Januari, alipwe Julai, na kipande kibaki cha mwenyewe. Akitaka kulima, akodi kwa msimu kwa maandishi mbele ya mke na watoto wakubwa. Atakula ndizi zilezile na kutazama ukungu uleule, na mlango utagongwa.

Na wewe wa miaka 28 usiniambie hili ni la wazee. Una miaka 30 ya kulipa michango ya misiba, kujulikana na majirani, na kudai kwa sauti pensheni ya mkulima kama tulivyodai kikokotoo cha mtumishi. Na kama ni lazima ununue, basi nunua Julai, kahawa ikishalipwa. Nenda kwa mtu yuleyule, asiye na mgonjwa wala ada juu ya kichwa, ukamuulize anauza kiasi gani. Bei atakayokutajia siku hiyo ndiyo bei ya Karagwe. Huenda akacheka, akakukaribisha chai, asikuuzie.