Kocha, Funga Hiyo Programu Ufungue Daftari

Leo nataka kugombana, na nitakaogombana nao ni watu wa kazi yangu, yaani sisi tunaounda programu.

Mwezi huu makocha wanne wameniuliza swali lile lile: "Nitumie programu gani ili niweze kuandika kila wiki?" Wote ni makocha wa riadha wa pande za Bonde la Ufa, na wote wanataka kuwaandikia wakimbiaji walio mbali nao. Jambo zuri sana hilo. Ubaya ni kwamba kila mmoja wao alikuwa ameshauziwa kitu kabla ya kunifikia. Mmoja kanunua orodha ya mawazo 365 ya kuandika, moja kwa kila siku ya mwaka. Mwingine analipa dola 12 kila mwezi kwa programu ya kuongeza tija, yenye visanduku vya rangi na vikumbusho vinavyomlilia simuni saa kumi na moja alfajiri, saa ambayo yuko barabarani na vijana wake! Dola 12 kwa mwezi ni dola 144 kwa mwaka. Hizo ni zaidi ya shilingi 18,000 zetu. Pigeni hesabu ni madaftari mangapi hayo.

Niliomba kuiona orodha. Sifa tano za kocha bora. Umuhimu wa kunywa maji. Jinsi ya kujiwekea malengo. Jamani! Binamu yangu ambaye hajawahi kukimbia hata kufukuza matatu anaweza kuyaandika yote hayo kabla ya chakula cha mchana, na tangu mwishoni mwa 2022, ilipotoka ChatGPT, hata yeye hahitajiki. Yanaandikwa kwa sekunde ishirini. Sasa kocha aliyesimama kando ya uwanja miaka kumi na tano anaambiwa aende kushindana na mashine katika kuandika umuhimu wa maji. Huo si msaada, ni kumpotezea mtu wakati kwa malipo.

Mmoja wa wale wanne alinionyesha madaftari yake. Ni yale ya shule, kumi na moja, yamefunikwa kwa karatasi za magazeti. Nikafungua moja katikati. Nitanakili mistari miwili kwa ruhusa yake:

"Jumanne. 1000 mara kumi. Mvua. Watatu wameacha ya saba. Yule wa goti kamaliza zote."

Nikamwambia, hii ndiyo makala yako. Akacheka. Akasema hiyo ni kumbukumbu tu, haina kitu ndani. Basi nikaanza kumuuliza kama mtoto. Kwa nini ya saba, mbona si ya tatu au ya tisa? Akaeleza: uwanja wenyewe ni wa udongo, na ukilowa, mguu unazama kidogo kila hatua, kwa hivyo dakika tatu na sekunde tano za siku ya mvua si sawa na zile za siku kavu, mwili unalipa zaidi kwa muda ule ule. Vijana wale watatu walikuwa wakitazama saa badala ya kusikiliza miguu. Juu ya hayo walikuwa wakimfuata mmoja mwenye kasi kuliko wao. Kila mzunguko wakakopa kidogo, na deni likadaiwa kwenye ya saba. Na yule wa goti? Yeye alikuwa ameamriwa akimbie nyuma ya wote na asiangalie saa kabisa, kwa sababu ya goti. Ndiye peke yake aliyekimbia zoezi kama lilivyotakiwa kukimbiwa siku ile. Tangu hapo kocha huyo msimu wa mvua hapimi kwa mita. Anawaambia vijana wakimbie kwa nguvu dakika tatu, wapumzike, warudie, popote mguu utakapofika.

Alinieleza hayo kwa dakika kumi na mbili hivi. Hakuna orodha ya mawazo duniani yenye kipengele kinachosema "kwa nini mwenye goti bovu ndiye aliyemaliza". Na kuna mkimbiaji Machakos, au Arusha, au Kigoma, ambaye wiki hii hii anakimbia matopeni akiangalia saa na kulia kwamba amepungukiwa na nguvu. Kwa mtu huyo, ile mistari miwili ni dawa.

Mawazo ya kuandika hayajawahi kuwa shida ya kocha. Ukiwa na wanariadha kumi unaulizwa maswali kila siku, na swali ulilojibu mara tatu kwa wiki moja ni makala iliyokwisha kuandikwa mdomoni mwako. Kinachokosekana ni saa moja ya kukaa chini na ujasiri wa kuamini kwamba unachokijua ni kitu. Programu haiuzi ujasiri. Saa moja nayo ndiyo inayoimeza, maana nimewaona watu wakitumia Jumapili nzima kupanga rangi za visanduku, halafu jioni wanahisi wamefanya kazi.

Mbona nakasirika hivi? Kwa sababu hili si suala la makala tu. Tazama vitabu vinavyofundisha dunia jinsi Wakenya wanavyokimbia. Toby Tanser alitoa Train Hard, Win Easy mwaka 1997. Adharanand Finn, Mwingereza, alikuja Iten kuishi na kukimbia, akatoa Running with the Kenyans mwaka 2012. Sina neno nao, walifanya kazi ambayo sisi hatukuifanya. Lakini kocha wa Iten, pale mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, yumo katika vitabu vya namna hiyo kama mtu anayesimuliwa na mwingine. Na yanaandikwa kwa Kiingereza, kisha kijana wetu ayatafute dukani kwa bei ya mgeni.

Linganisha na Arthur Lydiard wa New Zealand. Huyu alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha viatu. Mwaka 1960 kule Roma vijana wake wawili, Peter Snell na Murray Halberg, walishinda dhahabu siku moja. Miaka miwili baadaye alikwisha kutoa kitabu, akishirikiana na mwandishi wa habari Garth Gilmour, akiweka mbinu zake wazi. Bill Bowerman wa Oregon akasafiri New Zealand, akaona watu wa kawaida wakikimbia polepole kwa afya, akarudi nyumbani, na mwaka 1967 akatoa kitabu chake Jogging pamoja na daktari wa moyo Waldo Harris. Mamilioni ya watu wanaoamka kukimbia taratibu mitaani Marekani wana deni kwa makocha wawili walioamua kuandika. Kompyuta ya mezani haikuwepo. Tarakilishi, kama walimu wangu wa Kiswahili wangependa niseme.

Kwetu hapa, Patrick Sang alimpa kijana jirani programu ya mazoezi, kijana akaifuata, akarudi kuomba nyingine, na mwaka 2003 kijana huyo, Eliud Kipchoge, akawa bingwa wa dunia wa mita 5,000 kule Paris. Kipchoge mwenyewe amesema hadharani mara nyingi kwamba huandika kila zoezi katika daftari. Mtu aliyekimbia marathoni kwa saa 1:59:40 kule Vienna mwaka 2019, akiwa na wanasayansi na kila kifaa cha kupimia, bado anaandika kwa kalamu. Wauza programu mna la kusema?

Halafu kuna lile la Februari 2024, ambalo bado linauma. Kelvin Kiptum, aliyekuwa amekimbia 2:00:35 Chicago miezi minne tu kabla, alifariki kwa ajali ya gari karibu na Kaptagat, na kocha wake Gervais Hakizimana alikuwa naye, akafariki pia. Mmoja alikuwa na miaka 24, mwingine 36. Sisi wengine tunayojua juu ya mazoezi yao, zile kilomita zaidi ya 250 kwa wiki, tumeyapata zaidi kutoka mahojiano waliyowapa waandishi wa habari. Mwandishi wa habari anauliza anachotaka yeye. Hakuulizi juu ya Jumanne ya mvua.

Haya, zana. Nitazipitia upesi kwa sababu ni chache.

Tumia faili ya maandishi matupu, ile inayofunguka katika kila simu na kila kompyuta, ya zamani na ya kesho. Daftari la kurasa 96, ukiweka maneno 200 kila ukurasa, ni maneno 19,200. Ukiichapa yote haifiki hata kilobaiti 150, ilhali picha moja ya simu siku hizi inakula mara ishirini ya hapo. Faili ipe jina la tarehe, mwaka ukianza: 2024-03-14. Ukifanya hivyo kompyuta inazipanga zenyewe kwa mfuatano, bila kuilipa. Siku ukitaka kuandika juu ya magoti, tafuta neno "goti" katika folda nzima na utaona miaka yote mbele yako. Mwisho wa wiki jitumie folda kwa barua pepe. Basi.

Kwa nini nasisitiza maandishi matupu? Kwa sababu nimezika huduma nyingi. GeoCities ilifungwa 2009. Posterous ilifungwa 2013, na Google Reader mwaka huo huo. Google+ ikafuata 2019. Evernote haikufa, lakini Desemba 2023 ilianza kuwabana wasiolipa wasizidi maandishi 50. Kocha wetu wa madaftari kumi na moja angefika 50 kabla ya miezi miwili kwisha. Maisha ya kocha ni marefu kuliko maisha ya kampuni nyingi za programu, na nasema hivyo nikiwa nalipwa na moja.

Hupendi kuchapa? Zungumza. Tangu 2017 kibodi ya Google inapokea Kiswahili kwa sauti. Itakosea, na majina ya mazoezi itayavuruga vibaya, "fatleki" niliyojaribu ilitoka kama jina la mtu. Lakini kurekebisha ni kazi ndogo kuliko kuanza na ukurasa mtupu.

Na makocha wengi tayari wanaandika bila kujua. Mazoezi ya wiki yanatumwa katika kikundi cha WhatsApp, maswali yanaulizwa hapo hapo, majibu yanatolewa. WhatsApp ina njia ya kuyatoa mazungumzo nje, na ukichagua bila picha unapewa faili ya maandishi matupu. Kocha mmoja kati ya wale wanne alitoa ya miaka mitatu. Tulikuta ameeleza namna ya kurudi mazoezini baada ya malaria mara tisa, kila mara kwa maneno bora kuliko ya awali. Na bado alikuwa ananiambia hana la kuandika!

Najua mtaniambia: kocha akitoa siri zake atanyang'anywa wanariadha. Siri gani? Fatleki ya Alhamisi pale Iten inakimbiwa barabarani mchana kweupe, na wageni wamo ndani wakibonyeza saa zao. Programu ya mazoezi si siri. Mali ya kocha ni kujua nani apunguziwe leo, na hilo haliibiwi kwa kusomwa. Siri ya kweli ni ya mwanariadha: jina lake, ugonjwa wake, uzito wake. Hayo usiyaweke hadharani bila ruhusa yake, na Kenya ina Sheria ya Kulinda Data tangu 2019. "Yule wa goti" inatosha.

Wengine mtasema Kiswahili hakina maneno ya mazoezi. Nendeni uwanjani mkasikilize. Kocha anawaambia vijana "polepole mpaka kona ile, halafu fungua", na hakuna anayeomba kamusi.

Juu ya mashine zinazotunga makala, mimi nazitumia kazini kila siku na sizichukii. Ikikusahihishia tahajia, sawa. Ila usiipe nafasi ya kuanza. Ukiiambia ikuandikie juu ya mazoezi ya milimani itakupa kile ambacho kila mtu anacho, kwa sauti ya mtu ambaye hajalowa, na msomaji wako ataacha kusoma katika aya ya pili bila kukuambia kwa nini.

Nimeandika programu fupi ya Python, mistari 38, inayochukua faili ya mazungumzo ya WhatsApp, inatupa salamu na "amina" zote, na kubakisha ujumbe wa kocha peke yake ukiwa umepangwa kwa tarehe. Haina rangi wala visanduku. Kocha anayeitaka aniandikie, nitamtumia bure, na kama hajui Python anitumie swali tu, nitamwelekeza hatua kwa hatua. Wale wanne wanayo tayari. Mmoja ameahidi kwamba makala ya goti itakuwa tayari kabla ya mvua za vuli.