Ng'ombe Abaki Zizini Kwanza

Msomaji, kama kwenu kuna mgonjwa wa kiharusi, yamkini umeshaambiwa habari za matibabu ya sumaku. Huku Ntimaru, Kuria Mashariki, jamaa za wagonjwa huniuliza: "Daktari, tuuze ng'ombe tumpeleke mzee mjini akawekewe mashine?" Jibu langu ni kwamba ng'ombe abaki zizini kwanza.

Sumaku ina nguvu zake, sikatai. Mwaka 1831 Michael Faraday wa Uingereza alionyesha kwamba nguvu ya sumaku inayobadilika huzalisha umeme katika waya ulio karibu. Mwaka 1985 Anthony Barker na wenzake mjini Sheffield waliitumia kanuni hiyo kwa binadamu. Waliweka koili juu ya kichwa, wakapitisha umeme mkali kwa muda mfupi mno, na misuli ya mkono ikashtuka bila mtu kudungwa wala kupasuliwa. Ndipo wataalamu wakajiuliza kama mashine hiyo ingeweza kuuamsha ubongo uliojeruhiwa na kiharusi.

Zingatia neno hilo "inayobadilika". Bangili au mkanda wenye vipande vya sumaku una nguvu iliyotulia tuli, na kidogo mno isiyofika ubongoni. Hauzalishi umeme wowote humo. Wanaovitembeza vitu hivyo sokoni wanakuuzia chuma kwa bei ya dawa.

Mashine yenyewe je? Wataalamu wa Ulaya, katika mwongozo wao wa mwaka 2020, waliikubali kwa jambo mahsusi: kuusaidia mkono uliopooza, baada ya siku za kwanza za kiharusi kupita, kwa mapigo ya taratibu kwenye upande wa ubongo usioumia. Lakini utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2018 ulileta habari nyingine. Wagonjwa 199 walifanyishwa mazoezi ya mkono. Baadhi yao wakawekewa sumaku kabla ya mazoezi, wengine mashine ya kuigiza. Waliopata nafuu ya maana walikuwa asilimia 67 katika kundi la sumaku, na asilimia 65 katika kundi la maigizo. Mimi nasoma hapo kwamba kazi kubwa ilifanywa na mazoezi. Ipo pia mashine ya sumaku hafifu, ambayo watafiti wa Łódź, Poland, wameisifu, ila kwa wagonjwa wachache mno kunishawishi.

Sasa tazama mazoezi. Katika utafiti mwingine wa Marekani, wa mwaka 2006, wagonjwa 222 walishirikishwa. Waliopewa tiba walivalishwa glavu nene kwenye mkono mzima kwa majuma mawili, ili ule dhaifu ulazimike kufanya kazi, na mafanikio yao yalionekana hata mwaka mmoja baadaye. Glavu haihitaji stima! Kama mgonjwa wako anaweza kusogeza kiganja na vidole japo kidogo, mwombe mtaalamu wa fiziotherapia akuonyeshe namna ya kufanya hivyo, mgonjwa akiwa ameketi asije akaanguka. Kisha mpe kazi anazozijua: apukuchue mahindi, achambue maharagwe, akunje nguo, ashike kikombe na kukirudisha mezani, tena na tena, kila siku. Miezi mitatu ya mwanzo ndiyo yenye mavuno makubwa, na familia nyingi huipoteza zikitafuta fedha za mashine. Nauli ya boda boda hadi kwa mtaalamu huyo ni matumizi bora zaidi.

Ukiamua kwenda kwenye sumaku hata hivyo, mweleze mhudumu kama mgonjwa ana kifaa cha kuendesha moyo, chuma kichwani, au amewahi kupatwa na kifafa, maana mashine yenye nguvu inaweza kumdhuru. Asipokuuliza mambo hayo, ondoka. Na vidonge vya shinikizo la damu visiachwe nyumbani siku hiyo wala siku nyingine. Kiharusi cha pili hakingoji cha kwanza kipone.