Msaada Ambao Hakuna Aliyeuomba

Wapo watu wengi, wakiwamo wataalamu wa kompyuta wasio wajinga, wanaoamini kwamba kampuni ya intaneti inayomgeuzia mteja njia inamfanyia hisani. Umekosea herufi kwenye anwani ya tovuti. Badala ya kuambiwa jina halipo, unafikishwa kwenye ukurasa wenye mapendekezo na, kwa bahati tu, matangazo. Nani kaumia?

Tuanzie juu, kwa VeriSign, msimamizi wa majina yanayoishia na .com na .net. Tarehe 15 Septemba 2003 ilianza kuelekeza kila jina lisilosajiliwa kwenye ukurasa wake, Site Finder. Vichujio vya barua taka, vilivyozoea kuuliza kama jina la mtumaji lipo kweli, ghafla vikaambiwa kila jina lipo. Barua pepe zilizokosewa anwani zikaenda kubisha hodi kwenye seva ya VeriSign. Intaneti si kivinjari peke yake: "halipo" nalo ni jibu, na programu chungu nzima zinalitegemea. ICANN, shirika linaloratibu mfumo wa majina ya intaneti, ikabana, na Oktoba 4 huduma ikasimamishwa. Mwaka uliofuata VeriSign ikaishtaki ICANN. Msamaria gani huyu anayekwenda kortini kudai haki ya kukusaidia?

Kampuni za intaneti za Marekani hazikukoma. EarthLink iliikabidhi Barefruit, kampuni ya matangazo, kurasa zake za makosa. Mwaka 2008 mtafiti wa usalama Dan Kaminsky alionyesha kwamba kurasa hizo, zilizojitokeza hata chini ya majina halali ya tovuti kubwa, zilikuwa na tundu ambalo mhalifu angelitumia kujifanya tovuti hizo.

La mwaka 2011 lilikuwa baya zaidi. Watafiti wa taasisi ya ICSI, Berkeley, waligundua kwamba kampuni kadhaa, zikitumia mitambo ya kampuni ya Paxfire, ziliwanasa hata wasiokosea herufi moja. Ukitafuta neno kama "apple", ombi lako halikwenda moja kwa moja kwa Yahoo au Bing. Lilizungushwa kwa mawakala na kutua dukani, ili mtu akate kamisheni. Ni dereva wa bodaboda aliyekupakia uende hospitali akakushusha kwenye duka la shemeji yake. Hapo kosa la mteja lililohitaji kusahihishwa ni lipi?

Watetezi husema mteja anaweza kujitoa. Ajitoe kwenye kitu asichojua kipo? Tena kwa baadhi ya kampuni kujitoa kwenyewe kulikuwa kuki tu ndani ya kivinjari. Programu nyingine zikaendelea kudanganywa.

Kampuni ya intaneti ya Comcast iliacha mtindo wa kuelekeza majina yaliyokosewa Januari 2012, na si kwa aibu. Ilikuwa imeanza kutumia DNSSEC, saini zinazothibitisha kwamba jibu la jina halikuchezewa njiani, ikakiri kwamba viwili hivyo haviwezi kukaa pamoja. Kinga iliyobuniwa dhidi ya walaghai haikuweza kuutofautisha msaada huo na ulaghai.