Trela Halisadikiwi kwa Sikio

Mama mmoja wa kambini Jinja ametuletea swali. Mumewe amemaliza utumishi wa jeshi, na sasa amepata kazi ya kuendesha lori la trela baina ya Jinja na Mbale. Kwa kuwa jeshini alizoea malori ya bodi moja, bibi huyo halali vizuri. Auliza: dereva ajuaje kwamba trela limeshika kweli, wala halitamwacha njiani?

Mgongoni mwa kichwa cha lori pana sahani ya chuma iliyopakwa grisi, yenye mdomo kwa nyuma. Chini ya trela, upande wa mbele, imechomoza pini ambayo kipenyo chake katika magari mengi ni milimita 50. Kichwa kirudipo nyuma, pini huingia mdomoni na taya za chuma hufumba shingoni mwake. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yaruhusu gari na mzigo wake kufikia tani 56, na trela zima lafuata kipande hicho cha chuma.

Madereva wengi husikiliza mlio wa taya, wakaondoka. Hapo ndipo penye hatari. Trela likiwa limesimama juu mno, pini hupita juu ya taya badala ya kuingia kati yake. Mlio husikika vilevile, na trela hufuata vizuri penye tambarare, mpaka tuta la kwanza. Basi kabla ya kurudi nyuma, dereva ashuke atazame kimo: sahani yapasa kuligusa trela na kulinyanyua kidogo tu. Breki ya kuegesha ya trela iwe imefungwa, kabari ziwe chini ya magurudumu, na mtu yeyote asisimame katikati. Desturi ya utingo kusimama pale akipunga mkono ni ya kukomeshwa.

Taya zikishafumba, miguu ya trela ikiwa bado chini na breki yake imefungwa, avute mbele polepole kwa gia ndogo. Kisha hendibreki, azime injini, ashuke na tochi. Sahani na trela visiachane hata nafasi ya kupitisha mwanga. Taya zionekane zimefumba nyuma ya pini. Mkono wa kufungulia uwe umerudi mahali pake na kifungio chake kimewekwa.

Mpira mwekundu wa upepo wahitaji neno zaidi. Trela lisilo na upepo hushikwa na breki zake lenyewe. Mpira huo uunganishwapo, upepo huingia na breki hizo huachia. Kama hendibreki ya kichwa na breki ya kuegesha ya trela hazikufungwa, gari zima laweza kuondoka peke yake, na aliyekuwa akiunganisha mipira akabanwa. Ajali za namna hii zimeua madereva wenye uzoefu hata Uingereza. Baada ya mipira na waya wa taa, miguu ipandishwe mpaka mwisho.

Njiani, kutoka Iganga hadi Nakalama na kushika barabara ya Tirinyi, nchi ni tambarare na mabwawa ya Mpologoma; taabu imo katika vituo vya biashara. Lori likikata kona kushoto, magurudumu ya nyuma hukatiza ndani zaidi kuliko ya mbele. Akina mama, waambieni watoto na vijana wa bodaboda wasijipenyeze kushoto mwa lori lililowasha indiketa, maana dereva hawaoni. Na mume akipelekwa mbele ya Mbale, upande wa Kapchorwa, aingize gia ndogo kabla ya mteremko kuanza, si breki zikishachemka.

Kila asimamapo kunywa chai, autazame tena mkono wa kufungulia, kwa sababu mpita njia mtundu huweza kuuvuta. Tajiri alipaye kwa safari atanung'unika kwamba dakika kumi zimepotea. Amwache anung'unike. Tochi akae nayo mwenyewe, asimwachie utingo, na betri za akiba mama amtilie mkobani pamoja na chakula.