Nani alimupa mutoto SS?

Hapa Goma wachungaji tunaletewa sana neno hili: baba na mama ni wazima, mutoto wa kwanza ni muzima, wa pili ana SS. Basi jamaa inaanza kutafuta mulozi, na mara nyingi kidole kinaelekea kwa bibi.

Ili tuelewe, tuanze na kidonda. Mchimbaji wa Rubaya akikatwa na beleshi, ngozi inafunga baada ya siku kidogo. Chembe moja ya mwili inajigawa kuwa mbili, na kila moja inabeba kromozomu 46, sawasawa na ile ya kwanza. Hiyo ndiyo mitozi.

Mbegu ya baba na yai la mama hazitengenezwi hivyo. Zingebeba 46 kila moja, mutoto angezaliwa na 92, mujukuu 184! Mungu aliweka njia ingine, meiozi. Kromozomu zinajinakili mara moja, lakini chembe inagawanyika mara mbili. Kwanza kromozomu uliyopewa na baba yako inalala kando ya ile ya mama yako, zinabadilishana vipande, kisha zinaachana. Mwisho zinabaki 23, nusu tu.

Hapo ndipo SS inapita. Agizo la kutengeneza hemoglobini, ile inayofanya damu kuwa nyekundu, liko kwenye kromozomu ya 11, na kila mutu anazo mbili. Mwenye AS ana moja nzuri na moja yenye kosa. Kwa kawaida haugui. Meiozi inaipa kila mbegu moja tu, A ao S. S ya baba ikikutana na S ya mama, mutoto ni SS. Kwa hiyo mume asimutupie bibi peke yake. Wanafunzi wa Yesu pia waliuliza kosa ni la nani (Yohana 9), na Bwana akakataa swali lenyewe.

Wazazi wote wawili wakiwa AS, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuwa SS. Kila mimba! Haikumbuki iliyotangulia. Kuzaa mugonjwa mmoja hakuwapi ahadi ya wazima watatu.

Vijana wenye wachumba, ombeni kipimo cha hemoglobini mbele ya mahari, siyo siku ya ndoa. Na musichanganye: karatasi ya kundi la damu, yenye A, B ao O, haisemi kitu juu ya AS.