Mama, Uliza Maana ya Karatasi Yako



Watu wengi hufikiri kazi ya karani wa parokia ni kuandika majina ya wabatizwa na kuhesabu zaka. Kumbe nusu ya kazi ni kuwasomea watu karatasi zao. Juma lililopita alikuja mama mmoja na bahasha ya hospitali. Alifunga mlango, akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, nisomee. Nimeandikiwa 'pozitivu'. Baba watoto ameiona, na tangu juzi hasemi nami."

Nikasoma. Kipande kilichotolewa kwa sindano katika titi lake kilikuwa na saratani, jambo alilokwisha kuambiwa na daktari. Chini yake yaliandikwa haya: ER chanya, PR chanya, HER2 2+, daraja la 2. Nakiri mbele yako, msomaji, kwamba nilitaka kujitia mjuzi. Nilidhani daraja la 2 maana yake ugonjwa umefika hatua ya pili, nikakaribia kumwambia hivyo. Ulimi ukasita. Tukaenda pamoja kwa sista wa zahanati, naye akatufumbua macho.

Kwanza, neno chanya katika karatasi ile halihusu UKIMWI hata kidogo. ER na PR ni vipokezi vya homoni, mfano wa vitasa katika chembe za saratani, na homoni za mwanamke ndizo funguo. Vitasa vikiwapo, zipo dawa za kuzuia funguo hizo, kama vile tamoxifen. Basi chanya hiyo yaonyesha njia mojawapo ya tiba.

Pili, daraja si hatua. Daraja, kuanzia 1 hadi 3, hueleza jinsi chembe zinavyoonekana katika darubini, zilivyoachana na chembe za kawaida. Hatua hueleza ukubwa wa uvimbe na mahali ulipoenea. Mtu aweza kuwa na daraja la 3, naye yumo katika hatua ya 1.

Tatu, na hili ndilo zito: HER2 ikiwa 0 au 1+ huhesabiwa hasi, na 3+ ni chanya. Lakini 2+ si ndiyo wala siyo. Kipande hakina budi kupimwa tena kwa njia nyingine, kwa maana ipo dawa, trastuzumab, iliyotengenezwa kwa ajili ya wale walio chanya. Katika karatasi ya mama yule hapakuwa na neno juu ya kipimo cha pili.

Jumatatu alirudi hospitali, safari hii pamoja na mumewe. Akauliza, "Daktari, hiyo 2+ imepimwa tena?" Daktari akafungua faili, akanyamaza kidogo, kisha akaandika ombi la kipimo saa ile ile. Jibu bado twalingojea. Ila yule mume sasa ndiye anayeibeba bahasha.

Basi, mama msomaji, ukipimwa matiti, omba nakala ya majibu uitunze. Nenda na mtu wa kukuandikia. Uliza mambo manne: Nimepimwa nini? Kimekamilika, au kuna kilichobaki? Maana yake nini kwa tiba yangu? Nirudi lini? Ukiona picha ya matiti imepewa BI-RADS 0, usidhani kwamba sifuri ni "hakuna kitu"; maana yake picha haikutosha, zatakiwa nyingine, au za zamani za kulinganisha. Na kama picha imeonekana safi, lakini mkono wako wagusa uvimbe, sema, tena sema mara ya pili. Picha yaweza kukosa kuuona uvimbe uliopo.

Wako watakaosema kuuliza ni kumdharau daktari. Sivyo. Daktari ana wagonjwa wengi kwa siku. Wewe una mwili mmoja. Wahenga walisema, mficha uchi hazai.

Na tafadhali, karatasi ya namna hiyo usimletee karani akufasirie. Mletee akuandikie maswali, kisha uyapeleke kwa anayejua kuyajibu.

Hadi juma lijalo, kaeni salama.