Mtafiti wa Panya na Abishe Hodi

Atakaye kutega panya katika Mji wa Kale wa Mombasa hana budi kutega ndani ya nyumba za watu. Huku Ndia Kuu na vichochoroni mwake hakuna pori; nyumba zimeshikana ukuta kwa ukuta, na panya wa dari, aliyeletwa na vyombo vya Bahari ya Hindi karne nyingi zilizopita, huhama dari hii akaingia ile apendavyo. Kwa hivyo, kwa maoni yangu, maadili ya utafiti huu yanaanzia mlangoni.

Siupingi utafiti wenyewe. Mnamo Julai 2022, watu 20 waliugua homa ya mgunda mkoani Lindi, Tanzania, na 3 wakafariki. Ugonjwa huo huenezwa na mkojo wa panya na wanyama wengine, na mwanzoni hufanana na malaria. Hatuwezi kuijua hatari iliyomo mitaroni mwetu bila kumchunguza panya.

Wako watakaouliza, panya naye ana haki gani, ilhali sote humtilia sumu? Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inamtaka anayefanya majaribio juu ya mnyama awe na leseni. Mtego wa panya hai ukaguliwe alfajiri, jua lisije likamchoma aliyenaswa. Anayelazimika kuuawa atiwe kwanza dawa ya usingizi, na wasiuawe zaidi ya wanaohitajika. Isitoshe, kuua ovyo kuna madhara yake: mwaka 1898 Paul-Louis Simond alionyesha kwamba tauni huambukizwa na viroboto, nao panya akifa humwacha wakatafuta damu nyingine, hata yetu.

Linaloniudhi zaidi ni mtafiti kuchukua alichokifuata na kutokomea. Ruhusa ya mwenye nyumba mmoja haitoshi pale ambapo jirani ni ukuta tu; naye mama mwenye jiko asipitwe kana kwamba hayupo. Matokeo yasomwe barazani, kwa Kiswahili, wakaazi waulize wajibiwe.

Nanyi walimu, msikubali wanafunzi watumwe kuokota panya kwa mikono mitupu. Kabla ya kumfungulia mtafiti lango la shule, mtakeni awaonyeshe kibali cha Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, na aandike siku atakayorudi na majibu.